Tajiri wa kufowadi

Bado kuna watu humu chuoni wananitumia zile "tuma kwa makundi 10 upate GB za bure". Jamani! Hii ngoma ni ya zamani kuliko baadhi yetu. Novemba 1997 mwanafunzi mmoja wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Iowa, Marekani, aliandika kwa utani barua pepe iliyojifanya imetoka kwa Bill Gates: ikifika kwa watu 1,000, kila mmoja atalipwa dola 1,000. Piga hesabu, dola milioni nzima kwa kazi ya kubofya! Tena barua pepe ya kawaida ukishaifowadi haina namna ya kumrudia mwandishi wa kwanza kumwambia umemtumia nani. Ikazunguka dunia miaka na miaka.

Mie kinachonikera ni utetezi wenu: "Nimejaribu tu, nikikosa sina hasara." Wewe huna. Ile ya Gates ilikula muda tu, hizi za leo zina kiungo kinachokuuliza namba ya simu, nyingine hadi namba ya siri. Na shangazi yako kule Ngamiani hafungui kwa ajili ya hizo GB, anafungua kwa kuwa imetoka kwako, mtoto wa chuo. Hela yake ya vikoba iko kwenye simu hiyohiyo.