Mke Aliyemsahau Mumewe

Juma hili tunasoma hadithi fupi ya Alice Munro, mwandishi wa Kanada aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2013 na kufariki dunia mwaka 2024. Hadithi hiyo, “The Bear Came Over the Mountain”, ilitoka katika jarida la The New Yorker mwishoni mwa mwaka 1999. Inasimulia ndoa ya watu wawili waliokwisha kuzeeka, Grant na mkewe Fiona, na maradhi yanayofuta kumbukumbu.

Maradhi yanaanza kwa mambo madogo. Fiona, mwenye umri wa miaka 70, anabandika vijikaratasi kwenye droo za jikoni vya kumweleza kilichomo ndani. Baadaye anaendesha gari hadi mjini, kisha anampigia mumewe simu kumuuliza njia ya kurudi nyumbani. Mwisho anapelekwa kwenye makao ya wagonjwa yaitwayo Meadowlake, ambako kwa siku 30 za mwanzo mgeni haruhusiwi kuja kutazama. Grant anapokwenda na maua mkononi, anamkuta Fiona ameketi karibu na mgonjwa mwenziwe, Aubrey, anayecheza karata. Fiona anampokea mumewe kwa adabu, kama mtu anavyompokea mgeni asiyemfahamu, kisha anarudi kwa Aubrey.

Msomaji akiishia hapo atamwonea Grant huruma tu. Lakini Munro ameipanga hadithi yake kwa namna ambayo huruma hiyo haikai peke yake. Kila mara Grant anapomtazama mkewe, anarudishwa nyuma kwenye miaka yake ya kufundisha chuo kikuu, alipokuwa na uhusiano wa siri na wanawake wengine, wakiwemo wanafunzi. Sasa ni yeye anayekaa pembeni akimtazama mwenza wake akimshughulikia mtu mwingine. Hadithi inamfikisha mahali ambapo mkewe huenda aliwahi kukaa kwa miaka mingi bila kusema neno.

Nasema “huenda” kwa makusudi. Fiona alikuwa mtu wa mizaha, na Grant mwenyewe anajiuliza kama mkewe anaigiza. Je, amemsahau kweli, au anamlipa? Munro hatoi jibu. Mume aliyeficha siri anabaki na shaka asiyoweza kuiondoa, kwa sababu mtu pekee ambaye angeweza kumjibu, au kumsamehe, hana tena kumbukumbu ya kutegemewa.

Kisha Marian, mke wa Aubrey, anamrudisha mumewe nyumbani. Fiona anadhoofika kwa huzuni hata inahofiwa kwamba atahamishiwa ghorofa ya wagonjwa mahututi wa akili. Hapo Grant anakwenda kwa Marian kumwomba amruhusu Aubrey amtembelee Fiona. Marian anakataa. Anamuuguza mumewe mwenyewe, na akimweka huko moja kwa moja, gharama zitamnyang’anya nyumba. Tusipite haraka hapa. Marian hana maneno matamu, lakini ndiye anayebeba mzigo mchana na usiku, na hesabu zake ni za haki.

Je, Grant ametubia? Hadithi haimtakasi. Marian anampigia simu akimwalika kwenye dansi, na Grant anaanza kupima namna ya kuutumia mwaliko huo ili apate anachokitaka. Tabia ya zamani inafanya kazi hata ndani ya wema mpya. Hata hivyo jambo moja limebadilika: anachokitafuta safari hii ni faraja ya Fiona, ingawa faraja hiyo inamwumiza yeye.

Mwishowe anamleta Aubrey. Siku hiyo Fiona hamkumbuki Aubrey. Anamtambua mumewe, anamkumbatia, na kumwambia kwamba angeweza kwenda zake na kumwacha. Grant anamhakikishia kwamba jambo hilo halikuwezekana kamwe. Mtu aliyewahi kuvunja ahadi mara nyingi anasema kweli, mbele ya mke ambaye kesho huenda asikumbuke kwamba yalisemwa.

Mazingira ya Kanada yako mbali na yetu, lakini suala lenyewe linatuhusu. Suratun-Nahl imetukumbusha kwamba wapo watakaofikishwa umri ambao mtu hupoteza aliyokuwa akiyajua. Ikiwa mke hamtambui tena mumewe, haki yake juu ya mume haikufutika pamoja na kumbukumbu. Aliyebaki na akili timamu ndiye aliyebaki na amana ya wote wawili, na anaitimiza bila kutarajia shukrani. Swali hili lafaa kuzungumzwa nyumbani mapema, mume na mke wakiwa bado wanakumbuka pamoja, kwa maana Grant alichelewa kuzungumza.

Tukutane juma lijalo, inshaallah.