Trela lisilo na breki lisipite lango la shule

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa Kitui na Makueni upo ufa mmoja ambao tumeuzoea hata hatuuoni tena, nao ni trela linalovutwa na trekta barabarani bila kuwa na breki yake lenyewe. Trela hilo huteremka milima ya Mbooni na Kilungu likiwa limesheheni mawe, hutoka katika mito ya Tiva na Thwake likiwa limejaa mchanga, na huingia shuleni likiwa na tangi la maji. Juu ya mzigo huo aghalabu huwa wameketi watu, na miongoni mwao wamo watoto waliopewa lifti.

Rai yangu ni kwamba trela la namna hiyo halifai kuvuka mpaka wa shamba. Aidha, naamini kwamba watu wa kwanza wenye uwezo wa kulikataa si askari wa trafiki. Ni walimu wakuu na wakuu wa shule ambao kila muhula hulilipa pesa.

Nisieleweke vibaya kwamba napiga vita matrekta. Ukambani ni nchi ya mvua haba. Mvua ya vuli, inayoanza Oktoba na kwisha Desemba, ndiyo ambayo wakulima wetu huitegemea zaidi, na aliyechelewa kulima hulipia uchelewaji wake kwa njaa. Trekta linaloweza kumaliza kwa siku moja shamba ambalo maksai wangelilima kwa juma zima ni baraka kubwa.

Hata hivyo, msimu wa kulima ni wa majuma machache tu. Katika miezi iliyobaki mwenye trekta hulazimika kuitafuta riziki yake kwa trela. Hubeba mchanga, matofali, kuni, mbolea, maembe na maji. Kwa hiyo chombo tunachokiita cha shamba huishi barabarani sehemu kubwa ya mwaka, na barabarani hukutana na mabasi, malori, bodaboda na wanafunzi waendao kwa miguu. Tangu barabara ya Kibwezi kupitia Mutomo hadi Kitui iwekwe lami, mwendo umeongezeka. Breki za matrela hazikuongezeka pamoja nao.

Tuitazame kwanza breki ya trekta lenyewe. Matrekta mengi yaliyozoeleka kwetu, hasa yale ya zamani, hushikwa na breki kwenye magurudumu mawili makubwa ya nyuma tu. Tena breki hizo huwa na pedali mbili, moja ya gurudumu la kulia na nyingine ya gurudumu la kushoto. Shambani hilo ni jambo la busara, kwa kuwa dereva hukanyaga pedali moja ili ageuke kwa urahisi mwishoni mwa mtaro. Barabarani ni hatari kubwa. Dereva akikanyaga pedali moja kwa kasi, gurudumu moja hushikwa na lingine likaendelea, trekta likageuka ghafla na pengine kupinduka. Kwa sababu hiyo watengenezaji huweka kipande cha chuma cha kuzifunga pedali hizo pamoja kabla ya kuingia barabarani. Nimeona matrekta ambayo kipande hicho kilikwisha kupotea, na dereva hata hakumbuki kwamba kilikuwepo.

Sasa tufanye hesabu ambayo mwalimu yeyote wa fizikia anaweza kuiandika ubaoni. Chukua mfano wa trekta lenye uzito wa tani 2.5, na breki zake ziwe na uwezo wa kuzuia kwa nguvu ya nyutoni 10,000. Likienda kilomita 20 kwa saa kwenye tambarare, tangu breki zishike litasimama baada ya mita 4 hivi. Lifungie trela la tani 1.5 lisilo na breki, kisha pakia mchanga wa tani 4, yaani kama mita 2.5 za ujazo. Breki ni zile zile, lakini sasa zinazuia tani 8. Mwendo ukiwa ule ule, msafara huo utahitaji mita 12.

Tuupeleke msafara huo kwenye mteremko unaoshuka mita 1 katika kila mita 10. Mlima huusukuma mzigo kwa nguvu ya nyutoni 8,000, na katika zile 10,000 za breki zinabaki 2,000 pekee za kusimamishia. Umbali wa kusimama unapita mita 60, ambao ni zaidi ya nusu ya uwanja wa kandanda. Mteremko ukiwa mkali zaidi kidogo, mita 1 kwa kila mita 8, nguvu ya mlima inalingana na nguvu ya breki. Hapo dereva atakanyaga mpaka miguu imtetemeke na trekta halitasimama. Tena kumbuka kwamba mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali wa kusimama huongezeka mara nne. Atakayeteremka kwa kilomita 40 kwa saa asiseme kwamba ameongeza mwendo kidogo tu.

Hesabu hiyo haijagusa madhara mengine. Trekta linapopunguza mwendo na trela lisipunguze, trela husukuma nyuma ya trekta. Kwenye kona, msukumo huo hupita ubavuni, na trekta likazungushwa hadi likakabiliana na trela lake lenyewe. Tangi la maji lisilojaa vizuri ni baya zaidi. Lita 3,000 za maji ni tani 3, na maji hayatulii mahali pamoja. Dereva akishika breki maji hukimbilia mbele, na akipinda kona hukimbilia upande wa nje, wakati ule ule ambao angehitaji mzigo utulie.

Kuna pia tabia ya baadhi ya madereva ya kutoa gia mteremkoni, au kukanyaga klachi na kuliacha trekta lijiporomokee, eti kwa kuokoa mafuta. Injini iliyo kwenye gia ndogo ni msaidizi mkubwa wa breki. Ukiitenga na magurudumu umejinyima msaidizi huyo saa unayomhitaji, na mwendo ukishazidi ni vigumu gia kuingia tena. Gia ya kuteremkia huchaguliwa juu ya mlima. Katikati ya mlima huwa umechelewa.

Matunzo nayo si elimu ya ajabu. Pedali mbili zinapaswa kurekebishwa zishike kwa usawa, maana zisipolingana trekta huvutwa upande mmoja hata zikiwa zimefungwa pamoja. Mafuta yanayovuja kutoka ekseli huzilowesha laini za breki, zile sehemu zinazosugua na kulizuia gurudumu, na laini iliyolowa mafuta huteleza badala ya kushika. Trekta linaloingia mtoni kuchota mchanga huweza kutoka na maji na changarawe ndani ya ngoma za breki. Dereva mwenye busara hukanyaga breki polepole mara kadhaa akitoka mtoni ili zikauke, na fundi mwenye busara huzifungua na kuzisafisha kabla hazijaliwa. Pini ya kuunganisha trela iwe na kizuizi chake halisi, si msumari uliopindwa, na uwepo mnyororo wa kulishika trela endapo pini itachomoka.

Najua hoja nitakazojibiwa. Ya kwanza ni gharama. Mwenye trekta atasema kwamba karakana za jua kali humtengenezea trela kwa ekseli kuukuu ya lori, na kwamba kuweka breki kutaongeza bei. Ni kweli itaongeza. Lakini ekseli nyingi za aina hiyo zilizaliwa na ngoma na breki zake. Kinachokosekana mara nyingi ni matengenezo na njia ya kuziunganisha na trekta. Tena mtu huyu huyu hununua trekta kwa kuuliza lina nguvu farasi ngapi, asiulize hata mara moja litasimamaje. Nguvu ya kuvuta tunailipia bila kunung'unika. Nguvu ya kusimama tunaiona anasa.

Hoja ya pili ni uzoefu. Wapo madereva walioendesha miaka 20 bila ajali, nami nawaheshimu. Lakini uzoefu haupunguzi hata nyutoni moja ya msukumo wa mlima. Unachoweza kufanya uzoefu ni kumfanya dereva aende polepole na akatae mzigo uliozidi, na dereva aliyeajiriwa hana sauti ya kukataa mzigo mbele ya mwajiri wake. Ndiyo maana nasema breki ni deni la mwenye chombo kabla ya kuwa deni la dereva.

Hoja ya tatu ni kwamba serikali itunge sheria. Sheria ipo. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inataka kila chombo kinachotumiwa barabarani kiwe katika hali isiyohatarisha watu, na tangu 2012 tuna Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama Barabarani. Tatizo ni kwamba njia za trekta ni zile za vichochoroni, kutoka mtoni hadi kijijini, ambako askari hafiki.

Wala wazo la kuweka breki kwenye kila kinachovutwa si geni. Reli imepita Kibwezi na Makindu tangu mwishoni mwa karne ya 19. Mwaka 1869 George Westinghouse wa Marekani alikuwa amekwisha kubuni breki ya hewa ya treni, na miaka michache baadaye aliiboresha hivi kwamba bomba likikatika, mabehewa hujifunga breki yenyewe. Watu wa reli walitambua mapema kwamba kichwa cha treni peke yake hakiwezi kuzuia kinachokisukuma. Katika Umoja wa Ulaya, kanuni ya mwaka 2013 kuhusu magari ya kilimo inaweka masharti ya breki kwa matrekta na kwa matrela pia. Milima ya Mbooni haina huruma kuliko milima ya huko.

Basi tufanye nini? Nawarudia walimu. Katika vijiji vingi shule ni miongoni mwa wateja wakubwa wa matrekta. Hununua mchanga wa ujenzi, kuni za jikoni na maji wakati wa kiangazi. Mteja ana haki ya kuweka masharti. Halmashauri za usimamizi wa shule zinaweza kuandika katika kila zabuni masharti manne: trela liwe na breki zinazofanya kazi, pedali za trekta zifungwe pamoja, pini iwe na kizuizi na mnyororo, na asiwepo mtu yeyote juu ya mzigo. Mlinzi wa lango aagizwe kulirudisha trela lisilotimiza masharti hayo. Shule kumi katika tarafa moja zikikubaliana hivyo, mwenye trekta ataitafuta karakana kabla ya muhula kwisha. Vikundi vya mwethya vinavyobeba mawe na mchanga kwa ajili ya mabwawa navyo vinaweza kufanya vivyo hivyo.

Serikali za kaunti nazo zina nafasi yake. Katiba ya 2010 ilizikabidhi kaunti kilimo na vyuo vya ufundi vya vijijini kwa pamoja. Hakuna kizuizi cha kuwafanya vijana wa vyuo hivyo wajifunze ufundi wao kwa kuyatia breki matrela ya wakulima wa eneo lao kwa bei nafuu. Makueni ilitunga sheria yake ya kuhifadhi mchanga mwaka 2015. Kaunti inayoweza kuamua nani atachota mchanga haishindwi kuuliza mchanga huo unabebwa na chombo cha namna gani.

Nanyi wanafunzi msijione wadogo katika jambo hili. Somo la Kilimo katika mtaala wa 8-4-4, ulioanza 1985, liliwekewa mada ya nguvu na mashine za shambani, na somo la Fizikia lina kanuni za mwendo na msuguano. Msiziache kanuni hizo katika chumba cha mtihani. Ipigeni ile hesabu ya tani 8 kwa mteremko wa njia yenu wenyewe, mkawaonyeshe wazazi. Na dereva akikuita upande juu ya mchanga ili ufike nyumbani mapema, mshukuru kwa heshima, kisha uendelee kutembea. Mwenda pole hajikwai.