Mbwa wa Manyoya Mawili Hanyolewi

KIBARAZANI
Na Rehema Mkumbo

Desemba ya mwaka juzi jirani yangu alinigongea geti baada ya swala ya Alasiri, kanzu mkononi. Ilikuwa bado mbichi, ameianua kabla haijakauka, na begani imenasa vinyoya vya kijivu, laini kama sufi. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akasema, "Mwanangu, na mbwa wako sina ugomvi. Ila hii ndiyo nguo ninayosalia." Mzee huyu ni Mshafi kama Waislamu wengi wa pwani yetu, na kwao manyoya ya mbwa ni najisi. Yakigusa nguo iliyolowa, mtu anaifua mara saba, moja kwa udongo. Mwili ulinifa ganzi kwa aibu.

Mbwa wangu Simba ni German Shepherd. Jumamosi iliyofuata nikamwita kijana mmoja anayepita mitaani na mashine ya kunyolea, nikamwambia aondoe yote. Niliamini nimempunguzia jirani kero na nimempunguzia mbwa joto la Dar es Salaam. Yote mawili nilikosea, na naandika leo kwa sababu kila kiangazi naona mbwa wengine wakinyolewa hivyo hivyo.

Mbwa wa aina hii amevaa nguo mbili. Ya juu ni nywele ndefu, ngumu, zinazozuia mvua, vumbi na jua. Chini yake kuna malaika, laini na zilizosongamana. Ndivyo alivyo Husky, Chow Chow, Golden Retriever, Japanese Spitz, hata Labrador ambaye nywele zake fupi huwadanganya watu. Mbwa hatoki jasho mwili mzima kama sisi. Hupoa kwa kuhema, ulimi nje. Ukimnyoa hujamfungulia dirisha, umemvua mwavuli. Simba aliungua na jua mgongoni hadi ngozi ikambanduka.

Na manyoya hayakukoma. Yaliendelea kudondoka yakiwa vipande vifupi vinavyochoma kwenye kochi na kukataa kufagilika. Malaika ziliwahi kuota, nywele za juu zikachelewa, na kiunoni ana kiraka ambacho hadi leo hakijajaa. Wapo mbwa ambao nywele zao hazirudi tena kama zilivyokuwa.

Kupukutika huku huongozwa na urefu wa mchana zaidi kuliko joto. German Shepherd ni aina iliyoanzishwa Ujerumani mwaka 1899 na Max von Stephanitz. Huko Berlin mchana wa Juni hukaribia saa 17, wa Desemba haufiki 8. Mwili wa mbwa unayaona mabadiliko hayo na kuvua malaika kwa wingi mara mbili kwa mwaka. Dar es Salaam tofauti ya mchana mrefu na mfupi haifiki saa moja. Nairobi ni dakika chache tu. Ndiyo maana mbwa wetu wengi hupukutika mwaka mzima, leo kidogo, kesho kidogo. Ushauri wa Ulaya wa kungojea msimu haututoshi. Kwetu kazi hii ni ya kila wiki.

Kinachohitajika ni chanuo la meno marefu ya chuma, yenye ncha butu. Inua nywele za juu kwa kiganja, chana zilizo chini kuelekea zinakolalia, fungu kwa fungu, bila kukwaruza ngozi. Kawia nyuma ya masikio na mapajani, ndiko zinakofungamana. Mara ya kwanza nilijaza ndoo. Mchane kabla ya kumwogesha, kwa kuwa malaika zilizofungamana zikilowa hukaza zaidi, kisha umkaushe hadi ndani kabisa. Kwa unyevu wa pwani, mbwa anayelala na malaika mbichi huota vidonda vinavyochuruzika maji. Ukichana utawakuta na kupe mapema.

Chakula nacho kina sehemu yake. Unywele karibu wote ni protini, na mbwa anayelishwa ugali mtupu atapukutika hata umchane usiku na mchana. Dagaa walioondolewa mchanga wanatosha kuanzia. Lakini ukiona mabaka ya upara, anajikuna hadi damu, au ananuka, hapo tumeshatoka kwenye kupukutika. Mpeleke kwa daktari wa mifugo.

Daktari akimnyoa mahali pa kushonwa au penye kidonda, sina neno. Ninaowaomba ni nyinyi wenye mashine: mteja akikuletea mbwa wa aina hii na kusema toa yote, mkatalie, umwambie sababu, umtoze ya kuchana. Fedha ni ile ile. Na wewe unayeuza watoto wa Husky mjini, mwambie mnunuzi kazi inayomngoja kabla hajatoa pesa.

Siku hizi namchana Simba kila Alhamisi jioni, uani nyuma, ili Ijumaa ikifika yaliyolegea yawe yametoka. Kwanza natazama upepo unakoelekea. Manyoya nayatia kwenye mfuko nayafunga. Tangu nianze, mzee hajanigongea tena kwa sababu ya kanzu.