Kifo cha ubongo: Tiba na sheria bado zavutana

MNAMO Desemba 2013, madaktari jijini Oakland, California, nchini Marekani, walitangaza kuwa msichana wa miaka 13 aliyevuja damu nyingi baada ya upasuaji wa koo alikuwa amefariki. Ubongo wake ulikuwa umekufa. Hata hivyo, moyo wake uliendelea kudunda, huku mashine ikimsaidia kupumua.

Jamaa zake walikataa kumwaga na kwenda mahakamani. Jaji alikubaliana na madaktari na cheti cha kifo kikatolewa. Lakini Januari 2014 msichana huyo alihamishiwa New Jersey, jimbo ambalo sheria yake haimruhusu daktari kutangaza kifo kwa kigezo cha ubongo iwapo kinakiuka imani ya kidini ya mgonjwa. Huko alitunzwa hadi Juni 2018 alipofariki. Kwa zaidi ya miaka minne, alihesabiwa maiti California na mgonjwa New Jersey.

Mzozo huo una mizizi ya kale. Kabla ya mashine za kupumulia kuenea, moyo na pumzi vilikoma karibu kwa pamoja, na kifo kilitambuliwa kwa dalili hizo. Mashine hizo zilitenganisha mambo hayo. Mnamo 1968, kamati ya Chuo Kikuu cha Harvard ilipendekeza kuwa mtu ambaye ubongo wake umeharibika kabisa ahesabiwe amekufa. Sheria ya mfano iliyopendekezwa Marekani mwaka wa 1981 ilitaka kazi zote za ubongo mzima ziwe zimekoma bila kurejea. Uingereza nayo hutosheka na kufa kwa shina la ubongo, sehemu inayoongoza upumuaji na fahamu.

Uchunguzi wenyewe una masharti makali. Daktari sharti kwanza ahakikishe kwamba mgonjwa hajalemewa na dawa za usingizi, sumu au baridi kali mwilini, kwani hayo huweza kuiga kifo. Kisha humulika mboni za macho, hugusa koo ili kuona iwapo atakohoa, na mwishowe huondoa mashine kwa dakika kadhaa, huku akimpa oksijeni, ili kuona iwapo atajaribu kupumua.

Tatizo ni kwamba vipimo hivyo havichunguzi kila kazi ya ubongo. Kwa baadhi ya waliotangazwa wamekufa, sehemu ya ubongo inayosimamia homoni huendelea kufanya kazi. Mwongozo wa wataalamu wa Marekani wa 2023 unasema hali hiyo haizuii kutangazwa kwa kifo, ilhali sheria bado yataja kazi zote. Juhudi za kuirekebisha sheria hiyo zilisitishwa mwaka huohuo baada ya wahusika kukosa kuafikiana.

Pengo hilo si la maneno matupu. Ndilo huamua lini mashine izimwe, lini viungo vitolewe kuokoa wengine na nani agharimie matibabu. Familia inayoona kifua cha mpendwa wao kikipanda na kushuka haiwezi kulaumiwa kwa kushuku. Bali sheria inapotamka jambo moja na daktari kupima jingine, shaka hiyo hupata mashiko, na imani kwa hospitali ndiyo hudhurika kwanza.