Hanang inahitaji bima ya tope, si ya moto peke yake

Nauza saruji, nondo na mabati hapa Balangdalalu, na kwa kazi hii nyumba za watu nazifahamu kuliko wenyewe wanavyodhani. Namjua aliyepaua kwa geji 28 na aliyebana matumizi akachukua geji 32. Namjua aliyefunga lenta ya zege na yule aliyelaza ubao juu ya mlango akasema inatosha. Upepo wa mwanzo wa mvua ukiezua paa, mwenye nyumba anakuja kwangu kabla hajaenda kwa mwenyekiti wa kijiji, na neno lake la kwanza ni kuomba mabati kwa mkopo. Nimeandika madeni ya namna hiyo miaka mingi. Ndiyo maana jambo la bima ya nyumba linanigusa.

Bima ya nyumba inayofika huku kwetu kwa kawaida ni bima ya moto. Kinachotubomolea nyumba Hanang ni maji, upepo na mlima. Mwenye nyumba anayelipa ada bila kuiona tofauti hiyo amenunua utulivu wa moyo, lakini nyumba yake haijalindwa.

Mwalimu mmoja mstaafu, mama ninayemheshimu sana, alikuja dukani na bahasha. Alikuwa amejenga kwa kiinua mgongo, fedha zikakata kwenye kupaua, akakopa ili amalizie. Mkopo ulikuja na bima, na ada yake ilikatwa humo humo. "Mwanangu," akaniambia, "hebu niangalizie, hii inanilinda na nini?" Hati ilikuwa ya Kiingereza, kama zilivyo nyingi. Tuliisoma pamoja mstari kwa mstari juu ya kaunta. Ilitaja moto, radi na mlipuko. Mafuriko hayakuwamo, wala upepo mkali, wala kuporomoka kwa ardhi. Kiasi kilichokatiwa bima kililingana na deni lake, wakati nyumba ina thamani kubwa kuliko deni. Na ikitokea fidia, inaanza kwa aliyemkopesha. Kinachobaki ndicho chake. Hakuna aliyemdanganya, kila kitu kilikuwa kimeandikwa. Lakini hakuna pia aliyemkalisha chini akamweleza, na mama huyu alifundisha watoto wa kata hii kusoma.

Jumapili ya Desemba 3, 2023 inatupa somo ambalo sijaona mtu wa bima akija kulifundisha hadharani. Alfajiri ile tope lilishuka kutoka Mlima Hanang likachanganyika na mawe na magogo, likapita Jorodom, Gendabi na kuingia Katesh mjini. Zaidi ya watu 80 walikufa. Rais Samia alikuwa Dubai kwenye mkutano wa tabianchi, akakatisha safari na kurudi. Siku zile kulikuwa na uvumi kwamba mlima umelipuka, kwa kuwa watu wanajua Hanang ni volkano ya zamani. Wataalamu wa serikali wakaeleza kwamba hapakuwa na mlipuko: mvua ililowanisha miamba laini ya mlimani, sehemu ikameguka na kuteremka.

Kwa mtu wa kawaida maelezo hayo ni habari tu. Kwa mwenye hati ya bima, ndiyo yanayoamua kama atalipwa. Kampuni ya bima hailipi kwa sababu nyumba imeanguka. Inalipa kwa sababu nyumba imeangushwa na jambo lililotajwa kwenye mkataba. Hati nyingi zinaeleza mafuriko kuwa ni maji yaliyofurika kutoka mtoni, ziwani au kwenye mfereji. Ardhi kuporomoka ni hatari nyingine, na mara nyingi imewekwa kwenye orodha ya mambo yasiyolipwa mpaka uombe iongezwe na uilipie. Basi mtu wa Katesh aliyejikinga na mafuriko angeweza kusimama juu ya tope lililofika madirishani na bado akaingia kwenye mabishano: hili ni maji au ni mlima? Mabishano hayo yafanyike ofisini kwa wakala kabla ya kusaini, si baada ya mazishi.

Kwa hiyo, ndugu yangu unayetaka kukata bima, bei iache kwanza. Anza na orodha ya hatari. Bima ya msingi ya moto inaweza kuongezewa hatari nyingine: upepo mkali na tufani, mafuriko, tetemeko la ardhi, gari kugonga ukuta, fujo za watu. Tetemeko usilidharau, tuko ndani ya Bonde la Ufa, na watu wa Bukoba wanakumbuka Septemba 10, 2016. Halafu taja kwa kinywa chako kuporomoka kwa ardhi, na ukiambiwa imo, omba uonyeshwe ilipoandikwa. Nawe sema kweli. Kama nyumba yako iko hatua chache kutoka korongoni, sema. Kama ukuta wa nyuma ni wa tofali mbichi, sema pia. Ukificha, siku ya madai ndiyo siku watakayogundua, na wana haki ya kukataa.

Kosa la pili linaumiza kimya kimya. Watu hutaja thamani ndogo ili ada ishuke. Chukulia nyumba ambayo kuijenga upya leo kunahitaji shilingi milioni 60, wewe ukaikatia bima ya milioni 30. Upepo ukaezua paa, hasara milioni 8. Utadhani utalipwa zote nane kwa sababu hazijafika thelathini. Hapana. Ulijikinga nusu, utalipwa nusu: milioni 4, na kabla hujazipokea inatolewa ile sehemu ya kwanza ya hasara ambayo mkataba unakutaka uibebe mwenyewe. Kinyume chake nacho ni hasara. Yuko anayejumlisha kiwanja kwenye thamani, akalipia bima ya ardhi ambayo haiungui wala haiezuliwi. Hesabu inayotakiwa ni ya tofali, saruji, mbao, mabati na fundi kwa bei za sasa. Saruji ikipanda, hesabu ibadilike mwaka unaofuata. Risiti zangu mimi huziandika vizuri kwa sababu hiyo. Zipige picha uzitume kwa mtoto aliye mjini, maana nyumba ikienda na karatasi zinakwenda nayo. Vyombo vya ndani, godoro na sola vinahitaji bima yao. Bima ya jengo haivigusi.

Ukikataliwa madai na huridhiki, yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, na juu ya kampuni zote iko TIRA, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima. Wakala asiyesajiliwa na TIRA usimpe hata senti.

Serikali iliwajengea nyumba mpya waathirika wa tope lile kule Waret, na kazi ile nilifurahi kuiona. Hata hivyo korongo moja likishuka juu ya nyumba nne za Balangdalalu, hakuna rais atakayekatisha safari. Zitabaki nne, na daftari langu la madeni. Hapo ndipo bima ilitakiwa kuwepo, na ndipo kampuni zinapopakimbia, kwa hoja kwamba hatari ni kubwa na wateja ni wachache.

Hoja hiyo ina jibu. Mwaka 2023 kampuni za bima nchini ziliunda konsotia ya bima ya kilimo ili zibebe kwa pamoja hatari ambayo kila moja peke yake iliiogopa. TIRA iwaite tena wazungumze kuhusu nyumba za wilaya zilizo chini ya milima: hati fupi, ya Kiswahili, yenye maji, upepo na kuporomoka kwa ardhi ndani yake tangu mwanzo bila mtu kuviomba kimoja kimoja. Waiuze kupitia vikoba, ambavyo tayari vina daftari, mwenyekiti na mhazini anayeaminika. Na ada waikusanye Julai na Agosti, baada ya mavuno, mahindi na alizeti yakishauzwa. Wakija Januari, fedha zote ziko kwenye sare za shule na mbegu.