Hedifoni za kujitengenezea nyumbani? Ngoja kwanza

Nilipotea kidogo, si mnajua tena, msimu wa korosho ukifika sisi waandishi wa huku Mtwara hatuna Jumamosi wala Jumapili, ni minada mtindo mmoja. Lakini leo sizungumzii korosho. Nazungumzia masikio yangu.

Kazi yangu nusu ni kuuliza, nusu ni kusikiliza nilichouliza. Unakwenda Msimbati, unamhoji mvuvi ufukweni, kusi inavuma, rekoda inameza upepo wote. Ukirudi nyumbani unachomeka hedifoni, unarudisha nyuma mara sita ujue mzee kasema "nyavu" au "nyama". Hedifoni zenyewe zinakuja na vipira vya saizi tatu, na sikio langu la kushoto halimo katika saizi hata moja. Kipira kinachoingia kinadondoka, kisichodondoka kinauma. Basi nikawa nafanya anachofanya kila mtu kwenye bajaji: naongeza sauti mpaka mwisho. Usiku nikilala sikio linalia nziii kama nyenje.

Ndipo nikaanza kusoma habari za hedifoni za kufinyangwa kwa umbo la sikio lako mwenyewe. Kitu hicho si kigeni duniani. Mwaka 1995 fundi wa sauti Mmarekani, Jerry Harvey, alimtengenezea za namna hiyo Alex Van Halen, mpiga ngoma wa bendi ya Van Halen, aliyekuwa anaziba masikio kwa kelele za jukwaani. Kutoka hapo ikazaliwa kampuni ya Ultimate Ears. Na vispika vidogo vinavyowekwa ndani ya hedifoni za aina hiyo asili yake ni mashine za kuwasaidia wasiosikia vizuri. Yaani anasa ya wanamuziki imetoka kwenye mahitaji ya viziwi. Hilo lilinifurahisha sana, sijui kwa nini.

Mantiki yake ni nyepesi. Kitu kikikaa sawasawa sikioni kinazuia kelele za nje, na kelele za nje zikizuiwa huna haja ya kupandisha sauti. Shirika la Afya Duniani linasema mtu anaweza kusikiliza sauti ya desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki bila wasiwasi mkubwa. Kila zikiongezeka desibeli 3 muda huo unakatika nusu. Piga hesabu mwenyewe: kwenye desibeli 89 umebakiwa na saa 5 tu za wiki nzima. Mimi saa 5 nazimaliza Jumatatu kabla ya chai ya jioni.

Basi mimi na rafiki yangu mmoja, fundi simu pale mjini, tukapanga mradi. Yeye kulehemu nyaya ni kama mimi kunywa maji. Tulichokosa ni umbo la sikio. Maelezo tuliyoyaona mtandaoni yalikuwa marahisi mno: changanya silikoni ya sehemu mbili, ingiza sikioni kwa bomba la sindano, subiri dakika chache, chomoa. Fundi wangu akaona hata hiyo ni ghali, akaja na tyubu ya silikoni ya kuzibia madirisha ya alumini. Akaminya kidogo kidoleni, ikanuka siki. Harufu ile ni asidi inayotoka silikoni inapokauka, na mimi ndiyo iliyoniokoa, maana nilisema hapana, hii haiingii mwilini mwangu, nitafute ile ya wataalamu.

Kutafuta ya wataalamu kukanipeleka hospitali. Nikamweleza dokta nia yangu. Hakucheka. Akaniuliza swali moja tu: "Utotoni masikio yalikuwa yanatoka usaha?"

Jamani. Nani kati yetu tuliokulia pwani hii hakutokwa na usaha? Tumeogelea mpaka macho mekundu, tumeugua mafua yasiyoisha, bibi akatuwekea mafuta ya moto, tukaambiwa kitapita. Kikapita kweli, au nilidhani hivyo. Dokta akachukua kile kimulimuli chake, akachungulia kushoto, akakaa kimya, akachungulia tena. Kiwambo cha sikio langu la kushoto kina tundu.

Akanifafanulia taratibu, kama mjomba anayemwonya mtoto. Tundu la sikio ni kama sentimita mbili na nusu tu, nalo limepinda. Mwisho wake ndipo kilipo kiwambo, na nyuma ya kiwambo kuna vifupa vitatu vidogo sana. Mtaalamu akichukua umbo la sikio huchungulia kwanza, kisha huweka kipande cha pamba au sponji kilichofungwa uzi ili silikoni isivuke. Ukimimina bila kuchungulia, na kiwambo kina tundu, silikoni inapita, inavizunguka vile vifupa, inagandia hapo hapo. Haivutiki. Inatolewa kwa kupasuliwa. Madaktari wa nchi mbalimbali wameandika kuhusu wagonjwa wa namna hiyo, na baadhi yao walikwenda kwa wataalamu kabisa, sembuse kwa fundi simu na tyubu ya madirisha.

Sasa ndugu msomaji, mimi si mtu wa kupinga watu kujitengenezea vitu. Huku kwetu Wamakonde walijua mambo ya kutengenezea sikio kitu chake zamani sana, jasi la mti linakaa kwenye ndewe kama limezaliwa nalo. Ninachogombana nacho ni maelezo yanayoandikwa kana kwamba kila msomaji ana masikio mazima. Anayeandika huko aliko alitibiwa mapema utotoni. Hatua ya kwanza kwake ni kuchanganya silikoni. Kwetu sisi hatua ya kwanza ni kwenda kuchunguliwa, na isipoandikwa namba moja kwa herufi kubwa maelezo hayo ni mtego. Na mtu asiniambie "mimi sisikii maumivu". Mimi pia sikusikia, miaka ishirini.

Mradi hatukuuacha. Dokta alikataza kuingiza chochote kwenye tundu la sikio la kushoto, akaruhusu lile bakuli la nje. Tukapata udongo wa silikoni wa kukandwa, uliotengenezwa kwa ajili ya ngozi, tukauzungushia mwili wa hedifoni, nikaukandamiza kwenye bakuli la sikio mpaka ukashika umbo. Mara ya kwanza nilicheka ukaharibika, maana ukicheka sikio linabadilika umbo, jaribuni muone. Mara ya pili nikafunga mdomo dakika kumi, rekodi yangu ya maisha. Zinatisha kwa sura, rangi kama ubani uliotafunwa, lakini hazidondoki hata juu ya bodaboda. Sauti niliyokuwa naipandisha mpaka mwisho sasa naiweka chini ya nusu.

Lipo jambo jingine. Wakati natoka dokta alinionyesha umbo la sikio la mtu mwingine, la rangi ya waridi, linasubiri kutengenezewa shimesikio. Kazi ni ile ile, pamba ile ile, uzi ule ule. Nikamkumbuka mjomba wangu, alizamia baharini miaka mingi, leo ukimwamkia shikamoo anajibu "samaki hakuna leo". Nyumbani tumezoea kucheka. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumpeleka akachunguliwe.

Alhamisi tunavuka wote na kivuko kutoka Msanga Mkuu. Ameshakubali, ila anadhani anakwenda kupimwa macho.