Kabla Hujasaini Karatasi za Mirathi



Matanga yameisha, wageni wamerudi kwao. Wiki haijapita, simu inalia: "Njoo hapa Adams Arcade, uje na kitambulisho, kuna karatasi ya kusaini tu." Hilo "tu" ndilo linalokula haki za watu. Unapewa kurasa za Kiingereza, ami amesimama kando yako, na kuuliza swali kunaonekana ni kukosa adabu. Unasaini.

Lakini umesaini nini? Karatasi ya kawaida, ile inayoitwa Fomu 38, inasema tu kwamba unakubali fulani apewe usimamizi wa mali ya marehemu. Msimamizi si mmiliki. Fungu lako liko palepale. Shida ni hati inayofanana nayo yenye neno "renounce", yaani kujitoa. Ukiliona, soma linalofuata. Kama ni "right to administer", umeacha kazi ya usimamizi. Kama ni "share" au "interest", umeachia mali yenyewe. Dada zetu ndio huumia zaidi hapa, maana huambiwa "wewe umeolewa, ya nini kusumbuka?"

Kuna mtego mwingine ambao hata waliosoma huupita. Ndugu wanaandikishwa nyumba ya baba kama "joint tenants". Katika umiliki wa aina hiyo ulio halali, mmoja akifa, sehemu yake inakwenda kwa waliobaki, si kwa watoto wake; lakini kwa Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, bila ruhusa ya mahakama umiliki huo ni wa mume na mke tu, na ule wa ndugu huhesabiwa kuwa "tenancy in common". Mayatima wasiojua hilo wanaweza kutoka mikono mitupu! "Tenants in common" ni tofauti: kila mtu ana sehemu yake na warithi wake wataipata. Hata hapo angalia kama imeandikwa "equal shares", kwa sababu katika faraidh mtoto wa kiume ana mafungu mawili, wa kike moja.

Na ukisikia ploti tayari ina mnunuzi, uliza usimamizi umethibitishwa lini. Kifungu cha 82 cha Sheria ya Mirathi hakiruhusu msimamizi auze ardhi kabla ya mahakama kuuthibitisha, na kwa kawaida hilo huchukua angalau miezi 6.

Kwa hiyo mwambie ami kwa heshima: "Naomba nakala nikasome nyumbani." Mpelekee wakili unayemchagua mwenyewe, au uliza kwenye mahakama ya Kadhi, akufafanulie kwa Kiswahili mstari kwa mstari. Ukishasaini, ondoka na nakala yako siku hiyohiyo.